Watoto Kumi na Saba wa Jumamosi

Swali lenu nimelipata, vijana wa chumba cha seva. Mna seva mbili katika miji miwili, data inatakiwa ifanane pande zote, na mnabishana: mnakili faili zima kila mara, au mpeleke mabadiliko tu? Seva moja iandike na nyingine isome, au zote mbili ziandike? Nimeuona mchoro wenu wenye vishale. Umependeza. Kishale chetu sisi kilikuwa gari moja jeupe lenye kioo kilichopasuka, lililokwenda Butare kila Jumanne na kurudi kila Ijumaa, likiwa na disketi ndani ya bati la biskuti ili vumbi lisiingie.

Sitawapa jibu la haraka. Nitawasimulia nilivyochagua vibaya, mkitaka mtachukua chenu humo.

Niliingia Kigali mwezi wa tisa mwaka 1994. Nilizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, wazazi wangu wakiwa wakimbizi wa siku nyingi, na kompyuta nilijifunzia huko huko katika ofisi ya wanunuzi wa kahawa. Watu walisema nimerudi nyumbani. Nilikuwa narudi mahali ambapo sijawahi kufika. Mauaji ya kimbari yalikuwa yamekwisha miezi miwili tu nyuma, na kila niliyekutana naye alikuwa na watu wake wa kuwalilia. Mimi sikuwa na wa kumlilia mjini, wala wa kuniuliza nimeamkaje. Nilipanga chumba Nyakabanda. Jirani zangu walinisalimu kwa adabu, kisha wakafunga mlango. Sikuwalaumu. Kanisani Jumapili watu walikaa wakiacha nafasi kati yao, na mimi sikujua nafasi ipi ilikuwa ya nani, kwa hiyo nilisimama nyuma, karibu na mlango, mpaka misa ikaisha. Nilikuwa nimenunua sufuria dogo kuliko yote sokoni, na bado wali ulibaki.

Ofisi yetu ilikuwa karibu na njia panda ya Sonatubes. Ninyi mnaijua kwa foleni na pikipiki. Wakati ule niliivuka bila hata kugeuza shingo. Kazi yetu ilikuwa kuandikisha watoto waliopotezana na wazazi wao. Mtoto anaandikwa jina, jina la baba, la mama, kilima alikotoka, alama za mwilini, kituo alipo. Mzazi akija, tunatafuta. Kulikuwa na kompyuta moja kwetu na moja Butare, mji wa kusini, na kila moja ilikuwa na hifadhidata yake. Tuliziita seva kwa heshima tu. Simu zenu za leo zingezicheka. Mtoto aliyeandikwa Butare anaweza kuwa na mama yake Kigali, kwa hiyo orodha hizo mbili zilipaswa kuwa orodha moja.

Aliyenifundisha kazi pale alikuwa Mzee Faustini. Alikulia Ngara, Tanzania, akafanya kazi ya redio za mawasiliano maisha yake yote, na hakuamini mashine yoyote isiyotoa sauti. Siku niliyomweleza mpango wangu alikuwa anakaza waya wa antena.

"Kila Ijumaa Butare wananiletea watoto wapya kwenye disketi," nilimwambia. "Nawaingiza kwenye faili letu. Jumanne nawapelekea faili zima, wanalimwaga juu ya lao. Pande zote zinafanana. Kwisha."

"Wanalimwaga juu ya lao," alirudia. "Na walichoandika wao kati ya Ijumaa na Jumanne?"

"Hawataandika. Nitawaambia waweke kwenye karatasi tu, kompyuta wasiiguse."

"Na wakigusa?"

"Mzee, nitawaambia."

Aliendelea kukaza waya wake. "Kuna njia nyingine, binti yangu. Kila upande umpelekee mwenzake kilichobadilika tu, kimoja kimoja, kwa zamu. Kama sisi kwenye redio. Huwezi kumrudia mtu mazungumzo ya mwaka mzima kila unapotaka kumwambia neno moja."

Alisema kweli. Lakini kupeleka mabadiliko kulitaka programu ndogo ya kufuata nini kimeongezwa, nini kimerekebishwa, na kwa mpangilio gani. Ingenichukua wiki tatu kuiandika. Nakala nzima ilinichukua alasiri moja. Nilichagua alasiri moja. Nadhani hata ninyi mngeichagua.

Butare kompyuta ilishikwa na Donata. Sikumjua kwa sura. Nilimjua kwa redio, saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, kila siku ya kazi. Alikulia Uvira, ng'ambo ya ziwa ukiwa Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, kinachotembea kwa miguu yake chenyewe. "Dada Vene, uko naamka aje? Ova." Ova ni neno la redio: nimemaliza, zamu yako. Huyo ndiye alikuwa mtu wa kwanza nchini kuniuliza nimeamkaje. Tulimaliza ya kazi, kisha tukaiba dakika mbili tatu za yetu. Aliniambia mvua ya kwao inaanza saa ngapi. Nilimwambia wali wangu umeungua. Alicheka mpaka redio ikakwaruza. "Pika bugari, dada! Wali iko ya watu wengi." Bugari ndiyo ugali. Chakula cha mchana nilikuwa nakila karibu na redio hata kama saa ya zamu yake haijafika, kwa sababu kimya cha redio hakikunichosha kama kimya cha chumbani.

Ile amri ya kutogusa kompyuta niliitoa kwa redio, mchana mmoja wa mvua. Niliisema mara moja. Katikati ya sentensi redio ilipiga mkwaruzo mrefu, kisha nikasikia, "Sawa dada, ova." Mzee Faustini alikuwa amenifundisha tangu siku ya kwanza: ujumbe wa kazi mwambie mwenzako aurudie wote, neno kwa neno, ndipo uufunge. Nilikuwa na jambo langu la kumwambia Donata, barua ya mama yangu ilikuwa imefika kutoka Bujumbura. Sikumwambia arudie. Niliingia kwenye barua.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja lori lilishusha watoto kumi na saba kwenye kituo kimoja cha Butare. Donata hakupumzika wikendi ile. Aliwaandika kwenye karatasi, kisha akawaingiza kwenye kompyuta wote kumi na saba, Jumamosi na Jumatatu. Kompyuta ikampa namba zao. Akaziandika kwenye vikadi vya karatasi ngumu na kuwafungia watoto mikononi. Alifanya kazi nzuri kabisa. Jumanne gari likafika na faili langu zima, la tangu Ijumaa, naye akalimwaga juu ya lake kama nilivyomwagiza.

Kompyuta haikulalamika. Haina tabia hiyo. Ilikuwa na watoto kumi na saba, ikawa haina, na kwenye kioo ikaandika kwamba kazi imekamilika.

Siku zile kuna mama alikuwa anakuja ofisini kwetu kila Jumatano. Jina lake Konsolata. Alitembea kwa miguu kutoka Masoro, ambako siku hizi mna viwanda na maghala. Wakati ule palikuwa mashamba ya maharage. Mumewe na watoto wake wakubwa wawili waliuawa. Wa mwisho, wa kike, wa miaka mitano hivi, alichukuliwa na mama mwingine wakati wa kukimbia, na Konsolata hakujua walielekea wapi. Aliketi mbele yangu wima, mikono magotini.

"Anaitwa Umurerwa," alisema. "Hapa kwa mukono ya kushoto, ndani, iko na alama ya moto. Alishikaga sufuria."

Nilitafuta kwa jina. Nilitafuta kwa jina la baba. Nilibadilisha R kuwa L, kwa sababu watoto wadogo wa kwetu ukiwasikiliza hujui wamesema ipi, na mwandishi huandika aliyoisikia. Hakuna.

"Hayupo, mama. Njoo Jumatano."

"Yego," alisema, yaani ndiyo. Akaja Jumatano ya pili, nikatafuta, hayupo. Akaja ya tatu. Siku ile kabla sijafungua mdomo alinitazama usoni, akasimama mwenyewe.

"Hayupo," akasema kwa niaba yangu, akaondoka. Nilimsindikiza kwa macho mpaka barabarani. Nilitaka kumwita anywe chai. Sikujua kama inafaa.

Jumatatu iliyofuata, saa nne, Donata akaja hewani.

"Dada Vene, kituo inaniletea karatasi. Mutoto namba elfu mbili mia moja arobaini na sita iko na sikio inatoka usaha. Inaomba ruhusa apelekwe hospitali. Andika kwako pia. Ova."

Nilifungua namba hiyo. "Nimempata. Mvulana, miaka kumi na moja. Ova."

"Hapana. Ni kasichana. Kadogo. Ova."

"Angalia namba vizuri, Donata. Ova."

"Dada, namba nimeiandika na mukono yangu mwenyewe. Nilimufunga kadi. Ni kasichana. Ova."

Nilikaa na kipaza sauti mkononi. Mzee Faustini, aliyekuwa anasoma kwenye kona, aliinua kichwa. Hapo nikaelewa, na nilielewa yote kwa mara moja. Namba elfu mbili mia moja arobaini na sita ilitolewa mara mbili. Kompyuta ya Butare, baada ya kusahaulishwa wale kumi na saba, ilirudi kuhesabu ilipoishia Ijumaa na kuwapa watoto wengine namba zile zile.

"Donata," nilisema, "wale wa lori la Jumamosi. Uliwaingiza lini? Ova."

"Jumamosi na Jumatatu. Ova."

"Karatasi zao unazo? Ova."

"Niko nazo zote. Mimi situpaki karatasi. Ova."

Mnajua tulifanya nini alasiri ile? Alinisomea karatasi kumi na saba kwa redio, herufi kwa herufi. R ya redio, L ya limau. Kila karatasi nilimrudishia neno kwa neno, naye akasema ndiyo. Mzee Faustini alikaa pembeni yangu, akizungusha kitufe kila mkwaruzo ulipokuja. Ya kumi na mbili ilikuwa hivi: msichana, miaka mitano au sita, jina Umulelwa, na L ya limau mara mbili. Baba hamjui jina, anamwita Papa tu. Kovu la moto, kiganja cha kushoto. Anaumwa sikio.

Sikulia. Nilimwomba arudie kiganja kipi.

"Kushoto, dada. Niko nakaona kila siku. Mbona? Ova."

Kama hadithi ingeishia hapo ningewaandikia ukurasa mmoja.

Jioni msimamizi wetu alikuja, amekwisha kusikia. Alikuwa mtu mwenye haraka, na siku zile haraka ilikuwa na sababu zake. Alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi.

"Watoto kumi na saba walikuwa nje ya orodha wiki tatu. Nani aliingiza siku ambazo si za kuingiza?"

Nilikuwa na majibu mawili. La kweli lilikuwa refu: mpango ulikuwa wangu, nilionywa, amri niliitoa mara moja kwenye mvua, sikuomba irudiwe. La pili lilikuwa neno moja.

"Butare," nikasema.

Alitikisa kichwa, akaenda. Mzee Faustini aliniangalia. Alikunja gazeti lake vizuri, akaliweka mezani, akatoka.

Usiku nilijiambia nitasema kesho. Kesho ilikuwa Jumanne, gari likaondoka alfajiri na barua ya msimamizi ndani ya lile bati la biskuti, juu ya disketi. Jumatano saa nne nilikaa kwenye redio. Saa nne na robo ikaja sauti ya mwanamume.

"Kigali, Kigali, hapa Butare. Ova."

"Donata yuko wapi? Ova."

"Donata hayupo. Alisomewa barua jana, akakabidhi funguo. Amekwenda. Ova."

"Amekwenda wapi? Ova."

"Hakusema. Ova."

Nilikwenda kwa msimamizi, nikamwambia jibu refu lote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa nini hukuniambia Jumatatu?"

Hakunifukuza. Hapakuwa na mtu mwingine wa kuendesha ile kompyuta, wote wawili tulilijua hilo, na hilo lilinifanya nione haya zaidi. Aliandika barua ya pili, ya kumrudisha Donata kazini na kumwomba radhi. Sikuwa na pa kuituma.

Konsolata hakuja Jumatano ile. Alikuwa amechoka kuambiwa. Alhamisi Mzee Faustini na mimi tulichukua gari la watu mpaka lilipoishia, kisha tukapanda kilima cha Masoro kwa miguu, tukiuliza nyumba kwa nyumba. Tulimkuta shambani, anavuna maharage peke yake. Alituona tangu mbali, akaendelea kuvuna mpaka tukasimama mbele yake.

"Mama, tumempata Umurerwa. Yuko Butare. Ni mzima, ila sikio linamuuma."

Alifuta mikono kwenye kitenge, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Mulisema hayupo."

"Alikuwepo, mama. Ni sisi hatukumwona."

"Nani hakumuona?"

Mzee alitaka kusema. Niliwahi. "Mimi."

Aliinama, akabeba kapu la maharage. "Twende," akasema. "Haya tutamenya kwenye gari."

Na kweli tuliyamenya. Ijumaa, kwenye gari la msimamizi, kutoka Kigali mpaka Butare, yeye na mimi kiti cha nyuma, kapu katikati. Umurerwa alikuwa uani kwenye kituo, ameketi kwenye ngazi, kitambaa sikioni. Hakukimbia kuja. Alimtazama mama yake kama mtoto anayetazama mtu mlangoni. Konsolata naye hakumrukia. Aliketi kwenye ngazi ile ile, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati, akafungua kiganja chake mwenyewe na kukiweka gotini. Baadaye sana, mtoto aliweka cha kwake humo, kile chenye kovu. Konsolata akakifunga. Hapo ndipo sauti ilimtoka, na mimi nikaondoka uani, kwa sababu haikuwa sauti ya kusikilizwa na mtu baki.

Nilikwenda kwenye chumba cha redio. Kijana wa watu aliyeshika nafasi alinikaribisha kiti cha Donata. Mezani kulikuwa na daftari lake la shule, lenye maagizo yote niliyowahi kumpa kwa redio, moja baada ya jingine, kwa mwandiko wa kulala. Nilitafuta ile siku ya mvua. Ilikuwepo. "Kutoka Ijumaa mpaka Jumanne, kompyuta," kisha nukta nyingi, na pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Hapa sikusikia. Nitamuuliza dada Vene kesho."

Hakuuliza. Nimejaribu kukumbuka kesho yake tuliongea nini. Nadhani nilikuwa bado naongea habari za barua ya mama.

Nilirudi Kigali, nikaandika ile programu ya wiki tatu. Sasa lile swali lenu. Tulipeleka mabadiliko tu. Kila badiliko lilikuwa na namba yake ya mpangilio, na namba ikiruka, upande unaopokea unasimama na kuomba iliyokosekana. Rekodi ya mtoto iliandikwa na upande mmoja tu, ule uliomwandikisha, na namba yake ilianza na herufi ya mji wake, K au B. Hatukufuta chochote. Aliyepatikana tuliandika amepatikana. Na baada ya kila disketi, mpokeaji alisema kwa redio amepokea wangapi, na mtumaji akakubali au akakataa. Ilikuwa ya polepole, na disketi moja moja iliharibika njiani, lakini haikumpoteza mtoto mwingine. Mkichagua nakala nzima, kwa mfumo mdogo unaoandikwa upande mmoja, sitawacheka. Ila msikubali pande mbili ziandike mpaka mmejua ni nani atashinda zikigombana, na aliyeshindwa ataambiwa na nani.

Mzee Faustini alirudi Ngara, akafia huko. Konsolata aliniletea maharage mara mbili, kisha akahamia kwa dada yake. Ni sawa.

Donata nimemuulizia kwa kila mtu aliyepita Butare miaka ile. Mmoja alisema Uvira. Mwingine alisema hapana, aliolewa Bujumbura, labda mtaa wa pili na kwa mama yangu. Niliandika barua mbili, na kwenye bahasha ya kwanza ndipo nilipogundua. Nilijua kwa moyo majina ya mamia ya watoto, na ya baba zao, na vilima vyao. La Donata nililijua moja tu. Kwenye redio hatukuhitaji la pili.